Gadi ya Ekzosti
Mazungumzo ya asubuhi redioni

 

Wengi wenu mmetuuliza, wengine kwa barua na wengine njiani, kwa nini mwaka 2018 tulionekana tukipanda matatu kwenda makanisa ya mlimani kwa muda wa miezi 2, hali pikipiki yetu ilikuwa nzima. Wengine walisema tumeiuza. Wengine walisema bei ya petroli imetushinda. La, haikuwa hivyo. Tulikuwa tumemwunguza mtoto. Leo asubuhi twataka kuieleza habari hiyo sisi wenyewe, kwa maana habari ya namna hii ikisemwa na mwenyewe huwa fupi, na ikisemwa na majirani hurefuka.

Pikipiki yenyewe ni ya zamani. Ni Honda CL350, ya namna iliyouzwa tangu mwaka 1968 mpaka 1973. Iliachwa na mwalimu mgeni aliyefundisha sayansi huku kwetu Taita, naye alipoondoka ikakaa miaka mingi katika stoo ya nyumba ya kasisi, imefunikwa gunia, kuku wakitaga juu ya kiti chake. Tulipohamia pale tukaikuta. Injini yake ina silinda 2 zilizokaa bega kwa bega, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 325, ingawa jina lasema 350.

Walioibuni waliitaka ipite katika njia za mawe na vijito. Basi paipu za moshi hawakuzipitisha chini kama ilivyo kawaida. Zote 2 zatoka mbele ya injini, zapinda kwenda kushoto, kisha zapanda na kupita ubavuni mpaka nyuma. Jiwe haliwezi kuzigonga, wala maji ya kijito hayaingii upesi. Lakini moto uliokuwa chini ya miguu sasa umekaa kando ya mguu. Ndiyo maana huko kiwandani walifunga juu ya paipu hizo bati lenye matundu, lililopakwa kromu, ambalo mafundi wetu huliita gadi. Kazi ya gadi ni kuukinga mguu wa mwendeshaji, na mguu wa aliyepakiwa nyuma, na mtu yeyote apitaye karibu.

Paipu za kwanza ziliisha kwa kutu. Zilitoboka mahali palipojificha, pale ambapo gadi ilikuwa imefungwa, maana hapo matope hukaa na unyevu haukauki. Tukachanga pesa polepole, tukaagiza paipu nyingine za stenlesi kutoka ng'ambo. Stenlesi, kwa wasiojua, ni chuma kilichochanganywa na kromiamu. Ile ya namna ya kawaida ina kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8. Hiyo kromiamu hujifunika ngozi nyembamba sana isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo izuiayo kutu. Ukiikwaruza hujirudishia yenyewe.

Paipu zilipofika, zilikuwa nzuri mno. Ziling'aa hata ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama ndani yake. Lakini tulipotaka kuirudisha gadi ya zamani tuligundua kwamba hazikuwa na breketi za kuifungia. Zilikuwa laini toka mwanzo mpaka mwisho. Tukaitundika gadi kwenye msumari stooni, tukasema tutamwona fundi wiki ijayo.

Wiki ijayo ikawa wiki 3. Twaweza kusema kazi zilikuwa nyingi, na kweli zilikuwa nyingi. Lakini tukisema kweli yote, tulipenda paipu zile zionekane. Vijana wa bodaboda pale Mwatate walikuwa wakikusanyika kuzitazama. Mmoja alituambia, "Mchungaji, hiyo ekzosti ni kama kikombe cha fainali." Maneno hayo yalitupendeza kuliko ilivyofaa. Kuifunga gadi kungezificha. Hata siku suruali yetu ilipoungua kidogo karibu na goti, mwenzetu wa nyumbani aliishona kiraka akatutazama tu, nasi tukanyamaza.

Jumapili moja tulikuwa tumechelewa. Barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ni ya mlima na kona, na injini iliyopanda mlima kwa haraka hutoa moshi wenye joto jingi. Karibu na injini paipu huweza kupita digrii 400. Rangi yake hukuonyesha: stenlesi ikifika kama digrii 300 huwa ya manjano, ikipita 500 huwa ya buluu. Zetu zilikwisha kuwa na buluu pale mbele, nasi tulifikiri ni urembo.

Tukaiegesha pikipiki kando ya ukuta wa kanisa. Sasa sikilizeni jambo hili, ninyi wenye pikipiki. Stendi ya pembeni iko kushoto, basi pikipiki huinama kushoto, na paipu hizi ziko kushoto. Kwa hiyo upande wa moto ndio unaowainamia watu. Tulivaa kanzu, tukaingia. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa bado nje wakicheza kujificha. Mvulana wa miaka 5 alikimbia, akajibana kati ya ukuta na pikipiki, na nyama ya mguu wake ikagusa paipu.

Wimbo wa kwanza haukuisha. Sauti ile tunaisikia hata leo.

Kitu chenye joto la digrii 70 huweza kuunguza ngozi kwa muda wa sekunde 1 hivi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Paipu ile ilikuwa mbali juu ya digrii 70. Tulipotoka nje tulikuta kina mama wamemzunguka, mmoja ameshika dawa ya meno, mwingine ametuma watu jikoni kuleta mafuta ya kupikia. Kwa neema alikuwapo mama mmoja aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Akawaamuru wote waviweke chini vitu vile. Akamchukua mtoto mpaka kwenye tangi la maji ya mvua, akafungua bomba, akauweka mguu chini ya maji yanayotiririka, akasema, "Dakika 20, na mtu atazame saa." Tuliitazama saa sisi. Ni dakika ndefu sana hizo. Kisha akafunika kidonda kwa kitambaa safi, bila kupaka kitu, tukaenda zahanati. Twalisema hili kwa makusudi, maana bado wako watu wengi ambao mtoto akiungua hukimbilia unga, au yai, au siagi. Vitu hivyo hufungia joto ndani na kuleta uchafu. Maji baridi ya bomba, dakika 20, ndiyo huduma ya kwanza.

Jioni tulikwenda kwa nyanya yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimlea. Tulikuwa tumejiandaa na maneno mengi. Alitupa kigoda, akatupa chai, akangoja tunywe.

"Mchungaji mwanangu," akasema, "mimi ni mtu nisiyejua mitambo. Lakini nina jiko la makaa, na mtoto huyu amekuwa akikimbia karibu na jiko langu tangu alipoanza kutembea. Mbona halijamchoma?"

"Sijui, Mama," tukajibu.

"Kwa sababu najua kwamba linawaka."

Hatukuwa na la kujibu. Tulikaa mpaka giza likaingia.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, iko amri fupi ambayo wahubiri huipita haraka. Mtu aliyejenga nyumba mpya aliagizwa kulizungushia dari ukingo, ili mtu akianguka kutoka juu, damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Tuliisoma chuoni tulipokuwa tukijiandaa kwa utumishi. Tukaandika katika daftari kwamba nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare, na kwamba watu walianika kitani huko juu. Katika mtihani tukapata alama nzuri. Kwamba amri hiyo yaweza kuhusu paipu ya moshi, hilo hatukuliandika.

Basi tukaamua pikipiki isitoke mpaka gadi iwe imefungwa. Nasi tulidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Mara ya kwanza tulijaribu wenyewe. Tulinunua klipu za kufungia mipira ya maji, tukakata vipande vya tyubu kuukuu vya kuweka katikati ili gadi isigonge paipu, tukakaza kwa bisibisi. Ilionekana vizuri. Tuliiwasha tu pale uani, na kabla ya dakika 10 nyumba nzima ilinuka mpira unaoungua. Tyubu ziliyeyuka zikashika kwenye stenlesi kama lami, na ilitubidi kuzikwangua kwa siku 2. Tena klipu zenyewe zilikuwa zimepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye digrii 419. Zinki iliyoyeyuka juu ya stenlesi yenye moto huweza kuingia ndani na kuitia nyufa. Hilo hatukulijua mpaka tulipoambiwa na fundi, naye alilisema huku akitikisa kichwa kama daktari.

Fundi wa pili, kijana wa jua kali mwenye mikono myepesi, alitaka kulichomelea bati moja kwa moja juu ya paipu na kumaliza. "Haitatoka milele, Pasta," alisema. Tulikuwa karibu kukubali. Aliyetuzuia ni mzee mmoja fundi wa Voi, aliyekuwa ameketi hapo akingoja kipuri chake. Alituuliza swali moja tu: "Mkiyashikanisha, bati litakuwa na joto gani?"

Naam. Bati lililoshikana na paipu huwa paipu. Kinachoukinga mguu si bati peke yake, bali pia hewa iliyo kati ya bati na paipu. Chuma hupeleka joto upesi, lakini hewa hulipeleka polepole sana, na hewa inayopita wakati wa mwendo hulichukua joto na kwenda nalo. Bati nalo huzuia ule mwali usioonekana, ule unaousikia usoni ukisimama mbele ya tanuri. Kwa hiyo lazima pawe na nafasi, kama milimita 10, na mahali pa kushikana pawe padogo na pachache kadiri iwezekanavyo.

Mzee yule alitueleza na jambo la pili, ambalo kwetu lilikuwa jipya kabisa. Stenlesi ikipata moto hurefuka kuliko chuma cha kawaida. Kipande cha mita 1, joto likipanda digrii 100, chuma cha kawaida hurefuka karibu milimita 1.2, na stenlesi karibu milimita 1.7. Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Mahali pa kufungia gadi pana urefu wa sentimita 60. Paipu ikipanda digrii 300 itarefuka milimita 3. Gadi, iliyo ya chuma cha kawaida na yenye joto dogo, haitarefuka hata milimita 1. Ukiwa umeikaza kwa nguvu pande zote 2, kuna zaidi ya milimita 2 ambazo hazina pa kwenda. Kila ukipanda mlima paipu huvuta, kila ukizima injini hurudi. Baada ya wiki chache bolti hukatika, au mahali palipochomelewa hupasuka, nawe wasema fundi alikuwa mbaya.

"Kwa hiyo," akasema mzee, "upande wa mbele mtakaza. Upande wa nyuma mtaweka tundu refu, bolti iwe na mahali pa kutembea." Kisha akaongeza, nasi tukacheka, "Hata mume na mke, Mchungaji, mkiwafunga kamba fupi watapigana." Neno hilo tumelitumia katika arusi 3.

Tulipeleka paipu kwake Voi. Kuchomelea stenlesi si kazi ya welda ya geti la nyumba. Stenlesi hupitisha joto kama theluthi tu ya chuma cha kawaida, basi moto hukaa palepale ulipowekwa, na paipu hizi zina unene unaokaribia milimita moja na nusu. Fundi akikawia kidogo, tundu. Yeye alitumia mashine ya gesi ya agoni na waya wa stenlesi, na kabla ya kuanza aliziba ncha za paipu na kuijaza gesi ileile ndani, maana stenlesi ikichomelewa huku ndani kuna hewa ya kawaida hufanya magamba meusi kama sukari iliyoungua. Alichomelea breketi 3 ndogo, kila moja si kubwa kuliko kucha ya kidole gumba. Brashi yake ya waya ilikuwa ya stenlesi pia. Alituonyesha paipu ya mtu mwingine iliyosuguliwa kwa brashi ya chuma: ilikuwa imeanza madoa ya kutu, kwa sababu chembe za chuma zilibaki juu yake.

Kati ya breketi na gadi aliweka washa nene zisizopenda kupitisha joto, za nyuzi za kioo zilizoshindiliwa. Zamani waliweka asbesto. Kama mna pikipiki au gari la miaka hiyo, msizikwangue washa za zamani kwa kisu mkipuliza vumbi kwa mdomo. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni halitoki, nayo huleta kansa baada ya miaka mingi. Uingereza iliikataza kabisa mwaka 1999. Ilowesheni maji, itoeni polepole, mkiwa mmejifunika pua.

Nati zilizokuwa na plastiki ndani alizitupa kando, kwa kuwa plastiki huyeyuka. Akatumia nati za chuma kitupu zinazojibana zenyewe. Na kwa kuwa bolti ya stenlesi ndani ya nati ya stenlesi huweza kung'ang'aniana isifunguke tena mpaka ikatwe, alipaka kidogo grisi ya nikeli kwenye meno. Mwisho akatupa kitambaa chenye spiriti akatuamuru tufute paipu yote. Alama ya kidole yenye jasho, ikipikwa na moto wa kwanza, haitoki. Tulifuta. Tulisahau mahali pamoja, chini, na mpaka leo kidole chetu gumba kipo pale, cha rangi ya kahawia.

Siku hiyo tulipanda mpaka Wundanyi bila kupumzika. Tulipofika tulidondosha maji juu ya paipu, mahali pasipofunikwa: tone liliruka likatoweka kwa kelele. Tukadondosha juu ya gadi: tone likakaa, likakauka polepole. Tukaweka kiganja. Kulikuwa na moto, tena wa kutosha kukufanya uondoe mkono, lakini uliweza kuuondoa ukiwa mzima. Baada ya safari ya kwanza tulizikaza tena bolti za mbele, maana washa mpya hujibana zikipata joto. Zile za nyuma tuliziacha na uhuru wake.

Jumapili iliyofuata tuliiegesha pikipiki upande wa pili wa kanisa, kushoto kwake kukitazama ua wa miti ambako watoto hawapiti. Baada ya ibada tukamwona nyanya yake mtoto anakuja, amemshika mjukuu mkono. Kidonda kilikuwa kimepona kikaacha alama ya rangi ya waridi, upana wa sarafu ya shilingi 20. Hakutuamkia kwanza. Alizunguka mpaka upande ule, akainama, akalowesha kidole kwa mate, akagusa gadi upesi kama mtu anayejaribu pasi ya makaa. Akagusa tena katikati. Akagusa karibu na matundu. Mtoto alisimama nyuma ya lesso yake akichungulia.

"Hapa ni sawa," akasema. Kisha akanyosha kidole kuelekea nyuma kabisa, mahali gadi inapoishia na sailensa inabaki wazi, kama urefu wa kiganja. "Na huku, Mchungaji?"

Tukatazama. Kimo chake kilikuwa sawasawa na uso wa mtoto wa miaka 5.

Jumatatu asubuhi tulikuwa Voi tena.